HiAce ya kulala ndani: nikiagiza Japani milioni 48, yadi hapa Dar wanataka 41. Tofauti inatoka wapi?

#1 Mkulima wa Ukwaju

Wakuu, habari za jioni.

Natafuta gari la kuzunguka na familia, lile lenye kitanda, sinki na kabati ndani. Mikumi, Ruaha, Mafinga, ikibidi tufike Kitulo maua yakichanua. Macho yameangukia Toyota HiAce TRH200 ya 2009, petroli, cc 1998, imefungwa vifaa vya kempa (gari la kulala ndani) huko huko Japani. Mtandaoni CIF Dar (bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli) ni dola 9,000. Kwa dola ya 2,600 hiyo ni milioni 23.4. Kikokotoo cha TRA kimenipa kodi karibu milioni 22. Weka bandari, wakala na usajili, nafika 48.

Juzi nimepita yadi moja Mwenge (jina naliacha), nikakuta HiAce ya mwaka huo huo, ina kitanda, ina sinki, haijapata namba. Bei milioni 41 na kodi imeshalipwa. Jamaa ananiambia hata hapo tunaongea.

Sasa mwenye yadi naye kaagiza, kalipa kodi, kalipa pango la eneo, analisha vijana wa kuosha magari, halafu ananizidi kwa milioni 7. Nieleweshwe.

#2 Siti ya Mbele

Nimekaa. Wajuzi waje.

#3 Chai Bila Sukari

Milioni 41 ili ulale kwenye gari? Lodge Mikumi mjini elfu 40, taulo na chai ya asubuhi ndani yake. Kwa hiyo hela unalala siku elfu moja na ushee. Wazungu wanalala kwenye magari kwa sababu hoteli kwao ni ghali, sisi tunaiga tu.

#4 Mama Pacha

Mleta mada, #3 muache na lodge zake, hajasafiri na watoto wanne wewe.

Jibu lako liko kwenye dola. Mwaka 2024 dola ilikaribia 2,700, na mwisho wa mwaka huo huo ikashuka mpaka 2,400 hivi. Mwenye yadi aliyelipia magari yake dola ikiwa chini ana mzigo wa bei ya zamani, wewe unapiga hesabu kwa dola ya leo. Kwenye gari la dola 9,000 tofauti ya shilingi 200 tu ni milioni 1.8, na kodi nayo inahesabiwa kutoka kwenye dola. Ongeza na gari lililokaa. HiAce yenye kitanda si Noah, haiondoki kwa wiki. Mwenye hela yake anataka izunguke, anakata bei.

#5 Bandari Kavu

Habari. Niko kwenye kazi hii ya kutoa magari bandarini, naomba niseme kitu ambacho kikokotoo hakikuonyeshi.

Kempa ikija kama kempa, kiforodha inaingia kundi la 87.03, humo humo na magari madogo ya abiria. Ikija van tupu ya mizigo inaingia 87.04. Hapo ndipo milioni zako zilipo. Chukua gari la CIF 100 lenye umri zaidi ya miaka 10.

Kwenye 87.03: ushuru wa forodha 25, unafika 125. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000 ni 5%, ni 6.25. Ule wa uchakavu, zaidi ya miaka 10, ni 30%, ni 37.5. Jumla 168.75, ipige VAT 18%. Ukijumlisha kodi zote unakuta karibu 99. Yaani unanunua gari mara mbili.

Kwenye 87.04: ushuru 25, uchakavu wa magari ya kazi 5% tu, hakuna ule wa cc, kisha VAT. Unakuta kama 55.

Hapo sijaweka tozo ndogo ndogo za reli na forodha. Na mtu asije akasema "mimi nimenunua kwa bei ndogo kwa hiyo kodi itashuka". TRA wana thamani zao kwa kila modeli na mwaka, invoisi yako haiwatikisi.

Kwa hiyo ninavyoona mimi: hiyo ya Mwenge imetoka bandarini ikiwa van ya mizigo, kitanda kimetengenezwa hapa hapa Dar na mafundi samani wa Keko.

#6 Deiwaka_TZ

🤣🤣 kitanda cha Keko. Mkuu angalia kama kina droo za kuwekea mashuka.

#7 Kaka Mjuaji

Hilo gari la 2009 usiagize kabisa, serikali imeshapiga marufuku magari yaliyozidi miaka 10.

#8 Bandari Kavu

#7 hapana. Tanzania Bara hatuna ukomo wa umri, tuna adhabu ya uchakavu niliyoiandika pale juu. Wenye ukomo ni Kenya, miaka 8, na Uganda, miaka 15 tangu sheria yao ya 2018. Tafadhali tusichanganye watu.

#9 Mzee wa Yadi

Nimeusoma uzi kimya kimya ila hapa nijitetee na wenzangu. Siyo hiyo yadi, yangu iko kwingine.

Watu mnadhani bei mnayoiona mtandaoni ndiyo bei ya gari Japani. Hiyo ni bei ambayo kampuni imeshaweka faida yake, matangazo yake na mshahara wa kijana anayekujibu WhatsApp usiku wa manane. Sisi tunaonunua kila mwezi tuna mtu anaingia mnadani. USS, TAA, ile minada yote. Analipwa kamisheni kwa gari, basi. Tena tunapakia kontena moja magari kadhaa, gharama inagawanyika. Wewe unayeagiza gari moja huwezi kupata bei yangu hata siku moja, na huo si wizi, ni biashara ya jumla na rejareja.

Pia mnasahau mteja wa yadi anawasha gari, analizungusha, anakuja na fundi wake. Wa mtandaoni ananunua picha.

#10 Fundi Spana

Mzee wa Yadi umeongea vizuri, sasa waambie na upande wa pili. Mnadani kuna gari la gredi 4 na kuna la gredi R. R maana yake limegongwa likarekebishwa. Bei yake iko chini sana na ukilipiga rangi Mtanzania hajui. Mimi nafungua milango ya magari "mapya kutoka Japani" nakuta boliti za bawaba zimeshaguswa spana, putty ya kidole kizima kwenye robo ya nyuma.

Mleta mada, muombe karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari na alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali paliponyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Hiyo haidanganyi. Akikwambia haipo, jibu la milioni 7 umeshalipata.

#11 Mzee wa Yadi

Gari la R si haramu, Fundi. Linauzwa kwa bei ya R. Na karatasi ya mnada si kila gari linayo, mengine yananunuliwa kwa wauzaji wa rejareja huko huko Japani.

#12 Fundi Spana

Linauzwa kwa bei ya R Japani, mzee. Hapa linauzwa kwa bei ya 4.

#13 Siti ya Mbele

Hapa sitoki.

#14 Nakonde Express

Mimi ni dereva wa IT (magari ya transiti, yanayopita tu kwenda nchi jirani), Dar kwenda Tunduma, wakati mwingine mpaka Kasumbalesa. Nilijua tu mtu atakuja kusema hiyo ya yadi ni IT iliyorudishwa kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo nawahi kabla.

Zamani michezo ilikuwepo. Siku hizi gari la transiti linaondoka na dhamana ya forodha, na mzigo unafuatiliwa kwa kifaa cha kielektroniki. Lisipotoka mpakani kwa muda, wakala aliyeweka dhamana ndiye anayetafutwa. Sasa HiAce yenye sinki, ambayo kila mtu barabarani anageuka kuiangalia, nani ataificha Mwenge?

Ila nina wazo langu. Magari ya kulala ndani tunayopeleka Zambia mengi yanatoka kwa watu walioagiza, wakakwama kodi, wakauza yakiwa bado bandarini. Mtu anatoka na hasara ili akwepe gharama za kutunza gari, maana siku za bure zikiisha pale meta inasoma. Huenda mwenye yadi kanunua la namna hiyo.

#15 Mama Pacha

Hiyo ya #14 ina mantiki. Hasara imekaa kwa mtu wa kwanza.

#16 Mwana wa Likoni

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Nyinyi mnalia na mnacho. Huku Kenya gari la kulala ndani la 2009 halivuki hata langoni. Miaka 8 tu, ukiongeza KRA wanavyokadiria kwa ile orodha yao ya bei za magari mapya, kempa ya Japani inakuwa ndoto ya mbunge. Kwa hivyo watu wanachukua van iliyokwisha kusajiliwa nchini, wanaipeleka kwa fundi wa jua kali, anakata, anaweka vitanda, sola juu. Yangu imetengenezwa hapa hapa Mombasa na fundi wa mashua, mbao zimekamatana kweli kweli.

Ndio nauliza, kwani kitanda cha Keko kina kasoro gani? Kama fundi ni hodari na gari ni zima, milioni 7 tia mfukoni.

#17 Bandari Kavu

Mwana wa Likoni, kasoro haiko kwenye mbao. Iko kwenye kadi. Kadi ya gari inaandika aina ya bodi na matumizi. Ikisoma van ya mizigo halafu ndani kuna kitanda na watoto wanne, trafiki mwenye muda anakushusha. Na kama iliingia ikiwa kempa kamili lakini ikatamkwa mizigo, forodha wanaruhusiwa kurudi kukagua nyaraka ndani ya miaka 5 na kudai kilichopungua. Watamdai aliyeingiza, ndiyo, lakini gari linaloshikiliwa ni lako.

Ikiwa iliingia tupu na kitanda kikawekwa baadaye, hakuna dhambi ya kodi. Ni kurekebisha taarifa za kadi tu.

#18 Mkulima wa Ukwaju

Asanteni wakuu. Leo nimerudi yadi na tochi. Naweka niliyoyaona:

Soketi za umeme ndani ni za pini tatu bapa, kama za nyumbani. Mapazia mapya. Sinki ni la bati zuri, na kwenye mlango wa kabati chini ya sinki kuna kibandiko cha maandishi ya Kijapani. Kitanda kinakunjwa katikati. Odometa 96,000. Karatasi ya mnada hawana. Wanasema nyaraka zote ziko kwa wakala.

#19 Bandari Kavu

Soketi zimeongea. Japani umeme wao ni volti 100 na soketi zao ni za pini mbili bapa. Pini tatu za kwetu zimewekwa hapa. Keko.

#20 Fundi Spana

Hapana, usikimbie hivyo. Kempa halisi ya Japani ikifika hapa kitu cha kwanza mwenye akili anachobadilisha ni soketi na inveta. Ukichomeka maikrowevu ya volti 100 kwenye 230 unapata moshi. Kwa hiyo soketi za kwetu haziwezi kuthibitisha chochote. Kibandiko cha Kijapani kwenye kabati ndicho kinachonishawishi kuwa vyombo ni vya Japani.

#21 Deiwaka_TZ

Kibandiko? Kaka mimi friji langu la mtumba la Ilala lina kibandiko cha Kijapani na halijawahi kulala kwenye HiAce.

#22 Bandari Kavu

😂 Asante Deiwaka. Kabati linaweza kuja peke yake kwenye kontena la mitumba. Mkulima, achana na kabati. Omba cheti cha kusafirishia gari nje cha Japani. Kinaonyesha namba ya chesisi, mwaka wa kwanza kusajiliwa, na kimeandika gari lilikuwa la matumizi gani kule. Kempa kule zinasajiliwa kama magari maalumu, namba zao zinaanzia 8. Van za mizigo ndogo zinaanzia 4. Hapo ubishi unakwisha.

#23 Mama Pacha

Na cheti hicho hicho kinaonyesha kilomita. Magari Japani yanakaguliwa, mara ya kwanza baada ya miaka 3 kisha kila miaka 2 kwa ya abiria, na usomaji wa ukaguzi unaandikwa. Ukiona cheti kinasema 180,000 na dashibodi inasema 96,000, jua vijana wamefanya kazi.

#24 Mzee wa Yadi

Cheti halisi kinaingia kwenye faili la forodha. Yadi nyingi zinabaki na kopi. Asipokuwa na kopi si lazima awe mwizi, wengine ni uzembe tu.

#25 Chai Bila Sukari

Uzembe wa milioni 41.

#26 Guide wa Ngarenaro

Natoa wazo tofauti kutoka Arusha. Unataka kufika Ruaha na Kitulo masika na HiAce ya tairi mbili zinazovuta? Kaka, Mikumi utafika kwa sababu lami inapita katikati ya hifadhi. Ndani ya hifadhi kwenye udongo mweusi utamuita trekta. Ngorongoro kushuka kreta bila fowili hawakuruhusu kabisa.

Njoo Arusha utafute Land Cruiser iliyostaafu utalii. Injini 1HZ, cc 4,164, haina kompyuta ya kukulaza porini, spea kila duka. Paa linafunguka tayari, unatoa viti viwili vya nyuma unaweka godoro, juu unafunga hema. Wajenga bodi wapo, Njiro kule Hanspaul wanatengeneza haya magari miaka yote. Kodi ilishalipwa zamani na mtu mwingine, namba ya Tanzania, getini unalipia gari kwa shilingi.

Ila kagua chesisi. Barabara ya Serengeti ina matuta ya mawimbi yale madogo madogo, yanapasua chesisi kwenye maungio. Lala chini na tochi, tafuta mahali palipochomelewa.

#27 Mkulima wa Ukwaju

Guide, hilo la fowili limenigusa. Lakini 1HZ na bei ya dizeli, na mke wangu akisikia ile ngurumo yake ya injini kutoka Dar mpaka Iringa...

#28 Fundi Spana

1HZ haina haraka, haina kelele nyingi ukiizoea, na haifi. Mke atalala.

#29 Baridi Leicester

Wadau, salamu kutoka Uingereza. Nashangaa hamjataja njia ya tatu. Huku kuna Mazda Bongo Friendee, zilitoka Japani zikajaa Uingereza. Zilitengenezwa 1995 mpaka 2005, na zile zenye paa la kunyanyuka kwa umeme unabonyeza swichi, juu panakuwa chumba cha watu wawili. Usukani uko kulia, umeme waliobadilisha huku ni volti 230 na soketi ni zile zile za pini tatu za kwetu. Ukinunua hapa unakwenda kuliona, unalala ndani usiku mmoja kabla ya kulipa.

Na ukiwa unarudi nyumbani moja kwa moja, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe mkazi anayerejea ushuru wa gari moja. Masharti: uwe umeishi nje miaka 2 au zaidi, na gari uwe umelimiliki na kulitumia mwenyewe huko miezi 12 au zaidi.

#30 Deiwaka_TZ

Bongo inarudi Bongo. Nimemaliza.

#31 Fundi Spana

Baridi, wewe unamtakia mabaya mleta mada. Friendee ya dizeli ya 2.5 tabo injini iko chini ya viti, maji yake yanapita kwenye mabomba marefu, hewa ikibaki humo hedi inapasuka. Huko kwenu kwenye baridi watu wanafunga kengele ya kuwaonya maji yakipungua. Panda nayo Kitonga saa nane mchana nyuma ya lori la saruji uone. Na spea utatafuta wapi? Ya V6 ya petroli utaipenda mpaka kituo cha mafuta.

#32 Baridi Leicester

Ukitoa hewa vizuri haina shida. Watu wamevuka nazo jangwa.

Halafu huku nako kuna vita hii hii ya mtandao na muuzaji wa karibu. Ukinunua kwa umbali bila kukutana na muuzaji wa biashara, sheria inakupa siku 14 za kubadili mawazo. Ukinunua kwake dukani huna siku hizo, una haki ya kurudisha likiwa na kasoro tu, ndani ya siku 30 za mwanzo. Ukinunua kwa mtu binafsi ni wewe na Mungu wako. Kwenu mtu akiagiza Japani likafika bovu anamrudishia nani?

#33 Mzee wa Yadi

Swali zuri sana hilo. Anarudisha kwa nani? Wa yadi unajua nyumba yake, unajua msikiti wake.

#34 Chai Bila Sukari

Nilimjua na msikiti wake, akabadilisha vyote viwili.

#35 Mama Pacha

Jamani 😂

Kwa upande wa kuagiza mimi nimeagiza na nitaagiza tena. Kinachonisaidia: hela naituma benki kwa akaunti yenye jina la kampuni iliyo Japani, jina lifanane na invoisi herufi kwa herufi. Ukiambiwa akaunti imebadilika, sasa ni ya nchi nyingine au ya mtu, simamisha kila kitu. Pili, naangalia kama kampuni ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika huko kwao. Tatu, naomba picha za chini ya gari. Magari ya Hokkaido na sehemu za theluji yanapita kwenye chumvi, chini kumeoza wakati juu kunang'aa.

Na kwa kempa ningetaka kontena hata kama ni ghali. Kwenye meli za kuendeshea ndani, gari linakuja wazi, funguo zinapita mikono mingi. Jiko la gesi, godoro, betri ya pili, vitu vidogo hivyo unaweza usivikute.

#36 Nakonde Express

Betri ya pili ndiyo ya kwanza kuondoka.

#37 Kaka Mjuaji

Kwa nini asinunue Zanzibar? Kule kodi ni ndogo.

#38 Bandari Kavu

Likivuka kuja kusajiliwa Bara unalipa tofauti. Na HiAce yenye sinki ikishuka kwenye boti hakuna atakayeisahau sura.

#39 Guide wa Ngarenaro

Kuna jambo hamjaligusa. TRH200 ya paa la kawaida ukiwa ndani husimami. Unapika umeinama, unavaa suruali umelala. Wageni wangu wenye magari ya namna hiyo wanafungua mlango wa nyuma wanatundika turubai, maisha yote yako nje. Na kambi za umma kama zile za Seronera, Pimbi na Nyani, hazina uzio. Usiku fisi anapita kati ya magari. Sasa ukitaka kwenda haja saa tisa...

#40 Siti ya Mbele

Ndiyo maana #3 alitaja lodge.

#41 Chai Bila Sukari

Naona mnarudi mmoja mmoja.

#42 Mwana wa Likoni

Fisi haingii kwa gari bwana. Sie tulilala Tsavo na watoto, wakaamka wanataka kurudi tena. Mkija huku na gari la namba yenu chukueni bima ya COMESA, ile kadi ya njano, na kibali cha muda pale mpakani Lunga Lunga. Msije mkaambiwa na mtu wa mpakani kuwa kempa inalipiwa ada ya peke yake.

#43 Mkulima wa Ukwaju

Mrejesho. Nimeongea na wakala wa yadi. Kopi ya cheti cha Japani anasema ataitafuta, ila kanitumia picha ya nyaraka ya forodha. Imeandikwa HiAce van. Haijataja kempa, haijataja mizigo, au mimi sijui kusoma. Na bei imeshuka 39.5 bila mimi kuomba.

#44 Bandari Kavu

Tafuta kwenye nyaraka namba yenye tarakimu nane. Ikianza na 8703 au 8704 ndilo jibu. Funika jina na namba ya mlipakodi, uiweke hapa.

#45 Fundi Spana

Bei ikishuka yenyewe mimi naanza kuangalia chini ya kapeti.

#46 Mzee wa Yadi

Bei inashuka kwa sababu ni mwezi wa ada za shule, Fundi. Siyo kila kitu ni ajali.

#47 Mama Pacha

Na kwa sababu dola imeteremka tena wiki hii, na meli nyingine inashusha. Nimesema tangu #4.

#48 Mkulima wa Ukwaju

Namba imekatwa kwenye picha. Inaonekana 870 halafu kidole cha mtu.

#49 Deiwaka_TZ

KIDOLE 😭😭😭

#50 Bandari Kavu

Mwambie apige tena picha bila kidole. Usilipe hata ya kushikilia gari kabla ya hapo. Na ukimaliza hilo, nenda naye fundi na ile mashine ya kupima, mpande mlima wowote gari likiwa limejaa watu.

#51 Fundi Spana

Niko Sinza. Kukagua ni elfu 50, kwa mwana uzi mwenzetu na chakula cha mchana.

#52 Chai Bila Sukari

Fundi, na ile Cruiser ya Arusha ukiitwa kuikagua unakwenda na nini, IT?

#53 Nakonde Express

Arusha hatupiti huko. Apande basi.